Mackay, fundi kijana aliyeishi katika mji wa Kabaka

Malori yanayokwenda Masaka, na kutoka huko kuelekea Mutukula au Katuna, hupunguza mwendo yakifika Busega, magharibi mwa Kampala. Ni mahali pa msongamano wa bodaboda, wauza mahindi ya kuchoma na makondakta wanaogombea abiria. Januari 31, 1885 hapa palikuwa ukingo wa kinamasi, nje ya mji wa Kabaka. Siku hiyo vijana watatu, Mark Kakumba, Noah Serwanga na Joseph Lugalama, walikatwa mikono kisha wakachomwa moto. Lugalama alikuwa bado mtoto. Kosa lao lilikuwa kukaa na Wazungu na kusoma kwao.

Nyumba walikosoma ilikuwa Nateete, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Mwenye nyumba alikuwa Mskoti wa miaka 35, mhandisi wa mitambo asiye na cheo chochote cha kanisa. Aliitwa Alexander Murdoch Mackay. Nchini Uganda jina lake bado lipo kwenye shule ya Nateete na katika mahubiri ya Juni kila mwaka. Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, alikofanya kazi, akaugua na kufa, ni wachache wanaomkumbuka. Maisha yake hayaeleweki vizuri yakikatwa kwenye mpaka.

Alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Free Church, mtu wa vitabu na ramani, aliyemfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Mtoto alipenda vitabu, lakini alipenda zaidi kusimama kwa mhunzi, kwenye kinu na kwenye kituo cha reli. Baba alitamani awe mchungaji. Mwana alitaka mashine. Mama yake alifariki mwaka 1865, naye akiwa kijana wa miaka 15 tu, na tangu hapo dini ilimshika kwa namna iliyowashangaza hata wa nyumbani. Bado hakuacha mashine. Alisomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo huo, na jioni alifundisha watoto wa familia maskini.

Mwishoni mwa 1873 alihamia Berlin. Huo ndio mji wake wa kwanza wa ugenini, na ni vyema kuutaja kwa sababu utarejea mwishoni mwa habari hii. Berlin ilikuwa imekuwa makao makuu ya dola ya Ujerumani miaka miwili tu kabla. Mji ulikuwa ukijengwa upya, viwanda vikifuka moshi, na mhandisi kijana mwenye mikono mizuri hakukosa kazi. Mackay aliajiriwa kuchora michoro ya mitambo katika kiwanda kimoja, akapanda cheo. Alipanga katika nyumba ya mhubiri wa ikulu ya Kaizari, akajifunza Kijerumani, akatembelea makanisa na kuzoeana na watu wa tabaka ambalo mtoto wa Rhynie asingekutana nalo kwao. Kiwandani, aliona wenzake wengi hawana habari na kanisa, jambo lililomsumbua. Angeweza kukaa huko na kutajirika.

Yeye mwenyewe alikuwa akitafuta mlango wa kutokea. Alifikiria Madagascar, akaambiwa wakati wake bado. Akaomba kazi Mombasa, katika kijiji kipya cha watumwa waliokombolewa, akakuta nafasi imeshachukuliwa. Kisha, Novemba 1875, gazeti la Daily Telegraph la London lilichapa barua ya Henry Morton Stanley kutoka Buganda. Stanley aliandika kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu wa Kikristo, na kwamba wanaotakiwa ni watu wa vitendo, wanaojua kujenga, kulima na kutibu. Ilikuwa kama tangazo la kazi lililoandikwa kwa ajili ya Mackay. Desemba aliomba kwa chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza, CMS, akakubaliwa.

Kundi la kwanza lilikuwa la watu wanane. Mackay alikuwa mdogo kuliko wote, akiwa na miaka 26. Kwenye kikao cha kuwaaga, Aprili 1876, wazee wa CMS walitarajia maneno ya kutia moyo. Kijana huyo alisimama akawaambia, kwa maneno machache, kwamba huenda kabla ya miezi sita watasikia mmoja wa wanane amekufa. Aliwasihi habari hiyo ikifika wasikate tamaa, bali wapeleke mwingine mara moja. Mmoja alikufa kweli mwaka huo huo, kabla hata hawajaliacha eneo la pwani. Wengine wakafuata, kwa homa, kwa mikuki au kwa kurudishwa kwao wakiwa hoi. Haikupita miaka minne, Mackay akawa amebaki peke yake katika wale wanane.

Alifika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876. Sultani alikuwa Barghash bin Said. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa miaka mitatu nyuma, na juu ya uwanja wake Askofu Edward Steere wa UMCA alikuwa akijenga kanisa ambalo hadi leo watalii hulipanga foleni pale Mkunazini. Mackay aliziona nyumba za mawe, bandari yenye majahazi ya Kihindi na ya Kiarabu, na maduka ya nguo, shanga na waya. Hizo ndizo zilizokuwa fedha za bara, na bila hizo hakuna msafara uliovuka Ugogo. Jambo kubwa zaidi alilolikuta Zanzibar lilikuwa lugha. Steere alikuwa ameshachapa kitabu cha kujifunzia Kiswahili na tafsiri za baadhi ya sehemu za Biblia. Mackay alivibeba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunganisha boti ndogo ya mvuke waliyokuja nayo vipande vipande na kuona kama mto wa Wami ungeweza kuwapeleka bara. Wami ikashindikana. Wakajaribu Kingani, ambayo leo tunaiita Ruvu, nayo ikawazungusha kwenye kona na matope. Ikabidi watembee. Novemba, Mackay akaanguka kwa homa kali huko Ugogo na kurudishwa pwani akibebwa. Wenzake walisonga mbele, na katikati ya 1877 wawili, Luteni Shergold Smith na mchungaji Wilson, wakafika kwa Mutesa.

Aliyebaki nyuma hakukaa bure. Mwaka 1877, akiwa na vibarua wa pwani wenye mashoka, misumeno na majembe, alifyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban maili 230. Alijaza mabonde, akakata miti, akapitisha njia kwenye kingo za mito. Wanavijiji waliozoea vijia vya mguu mmoja walitoka kutazama. Kisha ng'ombe wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Mbung'o hawakujali uhandisi. Hapo ndipo palipoonekana, kwa mara ya kwanza, jambo lililomfuata maisha yote. Kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri, na bado haikufika pale alipotaka ifike.

Akiwa bado safarini ikamjia habari kwamba Shergold Smith na mwenzake O'Neill wameuawa Ukerewe, Desemba 1877. Alifika Kagei, ufukwe wa kusini wa ziwa, Juni mwaka uliofuata. Alikuta mali ya misheni imerundikwa kibandani ikiwa imeota kutu na kuliwa na mchwa, na mashua yao, Daisy, imetobolewa na jua na wadudu. Akaanza kuitengeneza. Katikati ya kazi hiyo alifanya jambo ambalo wengi walimkataza. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, kwa mfalme Lukonge, kuuliza kilichotokea. Alikaa siku chache akarudi salama. Nadhani safari hiyo inamweleza vizuri kuliko barabara ya Mpwapwa.

Safari ya kuvuka ziwa nayo ilikuwa ya fundi. Dhoruba iliitupa Daisy ufukweni ikavunjika. Mackay na Wilson, aliyekuwa amekuja kumlaki, wakakata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba ncha mbili, kisha wakaziunganisha ikawa mashua fupi. Iliwachukua wiki nane hivi, huku wakila kwa ukarimu wa wenyeji. Novemba 1878 alipanda kilima cha Rubaga. Tangu aondoke Uingereza ilikuwa imepita miaka miwili na nusu.

Mji alioukuta haukufanana na wowote aliouona. Haukuwa na mawe wala ghorofa, lakini ulikuwa na mpango. Barabara pana, zilizofagiliwa, zilitoka kwenye lango la ikulu na kushuka moja kwa moja hadi kwenye vinamasi, zikapita juu ya magogo na kupanda kilima cha pili. Kandokando palikuwa na uzio wa matete yaliyosukwa kwa ufundi, na nyuma ya kila uzio ua wa chifu fulani, nyumba zake za nyasi zikifichwa na migomba. Kila mkuu wa jimbo alipaswa kuwa na makazi mjini, upande ule ule wa jimbo lake. Aliyetembea mji mzima alikuwa ametembea ramani ya Buganda. Watu walivaa nguo za magome ya mutuba, na wakubwa kanzu na majoho ya pwani. Ngoma zilieleza saa, wito, furaha na hatari. Mji wenyewe ulihama. Kabaka alipochagua kilima kipya, wote walibomoa na kumfuata. Katika miaka yake hapo Mackay aliona ikulu ikiondoka Rubaga, ikulu mpya ikijengwa Kasubi mwaka 1882, na baada ya Mutesa mji ukihamia Mengo.

Wala haukuwa mji uliokuwa ukimsubiri Mzungu uamke. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840. Uislamu ulikuwa umeingia ikulu, Mutesa mwenyewe alijifunza herufi za Kiarabu na kwa miaka kadhaa alifunga Ramadhani. Mwaka 1876 aliwageukia vijana wa ikulu waliomwona si Mwislamu wa kutosha na kukataa nyama yake, akawaua huko Namugongo. Moto wa Namugongo, kwa hiyo, uliwala Waislamu kwanza.

Pia palikuwa na mtu ambaye vitabu vingi humpa mstari mmoja. Dallington Maftaa alikuwa kijana Mwafrika aliyesoma shule ya UMCA Zanzibar. Alikuja na msafara wa Stanley mwaka 1875, wakashirikiana kutafsiri vifungu vya Biblia kwa Kiswahili, na Stanley alipoondoka kijana huyo alibaki ikulu kumsomea Kabaka na kumwandikia barua. Alikuwa pale miaka mitatu kabla ya Mackay. Kama tunatafuta kijana mmisionari aliyeishi peke yake katika mji wa ugenini, huyo ndiye wa kwanza.

Kwa sababu hiyo Mackay alipoanza kusoma Injili mbele ya baraza la Mutesa, hakuhitaji kusubiri ajue Kiganda. Alisoma Kiswahili kutoka kwenye vitabu vya Steere, na wengi barazani walimwelewa. Madarasa yake ya kwanza yalikuwa ya Kiswahili. Baadaye alijifunza Kiganda vizuri, akaanza kuchonga herufi za mbao kwa kisu ili achape karatasi za kusomea. Vijana wa ikulu, makarani, watumishi wa machifu na hata machifu wenyewe walikuja. Walivutwa na ule muujiza wa alama kwenye karatasi zinazosema kitu kile kile kwa kila anayezijua. Waganda wakawaita waumini wa dini hizo zote abasomi, yaani wasomaji, na kwenda kanisani kukawa ni kwenda kusoma.

Mchana alikuwa fundi. Nateete aliweka mvukuto na fuawe, mashine ya kukereza na jiwe la kunolea la kuzungusha kwa mguu, ambalo watu walikuja kulitazama tu linavyozunguka. Alichimba kisima akaweka pampu, maji yakapanda juu, wengine wakadhani ni uganga. Walimpa jina la Mzungu wa kazi. Lilikuwa jina la sifa, ingawa ikulu ililichukua kihalisia. Mutesa alikuwa na sababu zake za kutaka Wazungu. Majeshi ya Misri yalikuwa yakimkaribia kutoka kaskazini, naye alitaka bunduki, baruti na watu wa kuzitengeneza. Kila Mackay alipotaja Mungu, Kabaka alikuwa tayari kujadili, kwa akili kali na bila haraka. Kisha huuliza habari za bunduki.

Kilele cha matumizi hayo kilikuwa mwaka 1882, alipofariki Muganzirwaza, Namasole, mama yake Kabaka. Mutesa alitaka azikwe kwa heshima ambayo Buganda haijapata kuiona, akauliza wafalme wa Ulaya huzikwaje. Mackay akajikuta seremala wa jeneza. Si moja, bali matatu yanayoingia moja ndani ya lingine, moja likiwa la shaba iliyopondwa kutoka kwenye vyombo vya ikulu, na la nje kubwa kama kibanda. Wahunzi wa Kabaka walifanya naye kazi kwa wiki nyingi. Nguo zilizojazwa kaburini zingeweza kugharimia misafara kadhaa. Wenzake wa misheni waliona ni fursa ya kupata kibali cha mfalme. Kibali kilipatikana, kwa muda.

Hapo palikuwa na ugomvi mwingine, na hapa Mackay hapendezi sana. Februari 1879 waliwasili mapadri wa Ufaransa, White Fathers, wakitanguliwa na Padri Siméon Lourdel, mdogo wa Mackay kwa miaka minne. Waganda walimwita Mapera. Mji wenye vilima visivyohesabika ukawa mdogo kwa vijana wawili. Siku moja Mackay akiendesha ibada ikulu, Lourdel alikataa kupiga magoti. Mutesa akataka kujua sababu, na mbele ya baraza zima, wakisaidiwa na wakalimani na Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, wawili hao wakabishana kuhusu Papa na nani mwongo. Kabaka alihitimisha kwamba kila taifa la Wazungu lina dini yake, na akauliza atajuaje ipi ni ya kweli. Ni swali ambalo hakuna kati yao aliyelijibu. Mackay alikuwa mkali, mgumu wa kusamehe, na barua zake zinamwonyesha akiwaogopa Wakatoliki karibu sawa na alivyowaogopa wafanyabiashara wa watumwa. Uganda ililipa gharama ya mgawanyiko huo kwa vita mwaka 1892, na katika siasa zake kwa miongo mingi baadaye.

Mwisho wa 1879 alisimama tena barazani kupinga kuletwa ikulu kwa kibonde wa lubaale Mukasa, mungu wa ziwa, aliyeitwa kumtibu Mutesa. Machifu na wanawake wakuu wa ikulu walikuwa nyuma ya lubaale. Mwishowe baraza likazikataa dini zote za kigeni kwa pamoja, wasomaji wakapungua, na misheni ikawa na njaa. Mackay aliuza vitu alivyotengeneza ili ale. Waarabu wa mjini walieneza uvumi kwamba yeye ni mhalifu aliyekimbia kwao. Hata hivyo vijana walirudi mmoja mmoja, wengine usiku. Machi 1882 Waanglikana walibatiza watano wa kwanza. Wakatoliki walikuwa wamewatangulia kwa miaka miwili.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Alikuwa na ujanja wa kuwapa wote nafasi bila kumpa yeyote ushindi. Mwanawe Mwanga, kijana wa takriban miaka 18, alirithi wasiwasi bila ujanja. Wajerumani walikuwa wakichukua nchi upande wa pwani, na kila barua iliyopita Nateete ilionekana kama jicho la adui.

Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walipata ruhusa ya kwenda ziwani. Walifuatana na baadhi ya vijana wa nyumbani kwao. Njiani wakazuiwa na askari wa Mujasi, mkuu wa jeshi aliyewachukia wasomaji, akiwashutumu kuwatorosha watu wa Kabaka. Wazungu walisukumwa na kurudishwa mjini. Vijana walifungwa, na Serwanga akaongezwa juu yao. Mackay na Ashe walihangaika kwa machifu, wakatoa zawadi, wakasihi. Aliyejulikana mji mzima kwa kutengeneza kila kilichovunjika hakuweza kupata ufunguo wa mlango huo. Asubuhi iliyofuata watatu walipelekwa Busega.

Swali ambalo mtu hawezi kulikwepa ni kama aliwaponza. Vijana walikuwa mikononi mwake na safari ilikuwa yake. Mamlaka aliyowafundisha kuyatii kuliko Kabaka yalikuwa hatari kwao, si kwake, kwani Mzungu alifukuzwa au kunyang'anywa mali, Mganda alichomwa. Mackay alilijua hilo. Aliwashauri wasomaji wajifiche, watawanyike, wasijitokeze bure. Lakini hakuacha kuwafundisha, wala wao hawakuacha kuja. Baada ya Busega waliongezeka. Ni jambo ambalo Mwanga hakulielewa, na sina hakika kama Mackay mwenyewe alilielewa kikamilifu.

Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Alikuwa amekuja kupitia upande wa mashariki, mlango ambao Waganda waliamini mvamizi ndiko atakakotokea, na barua ya kumwonya haikumfikia. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa ikulu, alimkemea Mwanga kwa mauaji hayo, naye akauawa Novemba. Juni 3, 1886, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja Namugongo. Waliogombana walimu wao walikufa kwenye moto mmoja.

Ashe aliondoka mwaka huo. Mackay alibaki peke yake kwa karibu mwaka mzima katika mji uliojaa wapelelezi, akitafsiri na kuchapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda na kuwafungulia mlango wa nyuma waliokuja usiku. Julai 1887 Mwanga alimtaka aondoke. Alifunga nyumba, akavuka ziwa hadi Usambiro, ufukwe wa kusini, nchini Tanzania ya leo.

Huko alianza upya, na tanuri la matofali, mashine ya kuchapa na mbao za mashua mpya. Wakimbizi Waganda walimfuata huko. Stanley, yule aliyeandika barua ya 1875, alipita mwaka 1889 akirudi pwani na Emin Pasha, akakaa karibu wiki tatu, akamsihi waondoke pamoja. Mackay alikuwa hajaiona Scotland kwa miaka 13. Alikataa kuondoka hadi apatikane wa kushika nafasi yake. Katika barua zake za miaka hiyo alikuwa pia akiitaka Uingereza iingie Buganda kwa nguvu zake. Wanaompenda hulipita jambo hilo haraka, lakini aliliandika akiwa na akili timamu. Aliyekuja na fuawe alikuwa ameishia kuomba dola.

Mwanzoni mwa Februari 1890 alishikwa na malaria. Tarehe 8 akafariki, akiwa na miaka 40. Lourdel, mpinzani wake, alifariki Buganda Mei 12 mwaka huo huo, na kwa zamu zao hakuna aliyepata nafasi ya kushinda ubishi. Julai 1, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa ziwa. Buganda ikaenda London. Kaburi la Usambiro likabaki chini ya Berlin, mji ule alikojifunza kuchora mitambo.

Mifupa yake ilikaa upande huo kwa miaka 37. Mwaka 1927 ilifukuliwa, ikavushwa ziwa na kuzikwa Namirembe, kwenye makaburi ya kanisa kuu alipolazwa pia Hannington, upande wa pili wa bonde kutoka Rubaga.